Mada Si Nchi: Kuchagua Mada ya Tasnifu juu ya Zanzibar na Pwani kwa Mwanafunzi Aliyeko London

Kila mwaka, ifikapo Januari au Februari, simu hulia katika nyumba za wazee wetu wa London. Mpigaji ni kijana wa ukoo anayesoma chuo kikuu, na maneno yake ni yale yale: "Shikamoo Ami. Nataka kuandika tasnifu juu ya Zanzibar. Utanisaidia?" Mzee hufurahi. Humwita Jumapili ale chakula, akamtolea albamu ya picha, akamsimulia saa tatu nzima. Kijana hurudi kwao na daftari lililojaa, lakini mada bado hana.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kijana huyo, na kwa ajili ya mzee huyo pia. Muda uliobaki ni mfupi kuliko tunavyodhani. Waliokuwa na umri wa miaka 20 yalipotokea Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, leo wamepindukia 80. Kila msiba ukitokea, nyumba hufungwa, vitu hugawanywa, na makaratasi ambayo hakuna tena awezaye kuyasoma hutiwa katika mifuko ya taka. Wakati huo huo tasnifu iliyopasishwa, hasa ya uzamivu, huwekwa katika maktaba ya chuo, husomwa, na hunukuliwa na watu ambao hawatapata nafasi ya kumuuliza mzee yeyote. Kwa hiyo mwanafunzi anapochagua mada, anachagua pia nini kitakachobaki.

Swali la Jumatatu asubuhi

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Pendekezo langu la kwanza la utafiti lilikuwa na kichwa kirefu, ndani yake mna Waarabu, Waswahili, Afrika Mashariki yote na karne ya 19 nzima. Msimamizi wangu alilisoma mbele yangu, akaliweka mezani, akaniuliza: "Jumatatu asubuhi, mlango wa maktaba ukifunguliwa, utaomba karatasi gani?" Sikuwa na jibu. Alinirudishia pendekezo lile bila ya kuandika hata neno moja pembeni. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikaelewa kwamba alikuwa amenifanyia hisani.

Zanzibar si mada, ni nchi. Utumwa, karafuu, Usultani na Mapinduzi pia si mada bali ni milango mikubwa ya kuingilia. Mada ya tasnifu ina mambo matatu. La kwanza ni swali ambalo jibu lake hulijui bado. Kama jibu unalo tangu siku ya kwanza, basi unachoandika ni hotuba, na msomaji ataligundua hilo katika ukurasa wa pili. La pili ni mipaka: ya mahali, ya wakati na ya watu. La tatu ni ushahidi unaoweza kuufikia kwa muda, fedha na lugha ulizo nazo. Likikosekana moja katika haya matatu, kazi haitasimama, hata mwandishi awe na mapenzi ya namna gani na kwao.

Kuna na swali la nne ambalo wanafunzi hawapendi kuulizwa: je, ukilijibu swali lako, nani atakuwa amejifunza kitu? Kuandika kwamba babu yetu alikuwa mfanyabiashara mkubwa ni jambo la kuifurahisha familia. Kueleza vipi mfanyabiashara wa Unguja aliweza kukopesha mali kwa mtu anayekwenda bara na kukaa huko mwaka mzima au zaidi, na kwa hati gani aliamini kwamba atalipwa, ni jambo litakalomfaa mwanahistoria popote alipo, na babu naye atakuwemo ndani yake.

Waliotangulia walivyoweka mipaka

Njia nzuri ya kujifunza kuweka mipaka ni kutazama tasnifu za watu wetu waliosoma hapa hapa London. Mwaka 1971 Abdul Sheriff, mzaliwa wa Zanzibar, alimaliza tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha London, juu ya kuinuka kwa dola ya kibiashara ya Zanzibar baina ya 1770 na 1873. Zitazame tarehe hizo. Miaka ya 1770 ndiyo miaka ambayo Wafaransa waliokuwa na mashamba katika visiwa vya Mauritius na Réunion walikuja kutafuta watumwa kwa wingi katika pwani yetu. Mkataba wa Morice na Sultani wa Kilwa ni wa 1776. Mwaka 1873 ndio mwaka ambao Sayyid Barghash alilazimishwa kutia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la watumwa mjini. Mipaka ya kazi ile imetokana na mambo yenyewe. Haikukatwa kwa sababu karne imeanza au imekwisha.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba kitabu kilichotokana na kazi hiyo, *Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar*, kilitoka mwaka 1987, miaka 16 baadaye. Mwanafunzi anayetaka kusema kila kitu katika maneno 10,000 na azingatie muda huo.

Ahmed Idha Salim naye aliandika juu ya Waswahili wa pwani ya Kenya kuanzia 1895 mpaka 1965, na kitabu chake kikatoka Nairobi mwaka 1973. Mwaka 1895 ndio Waingereza walipotangaza himaya yao katika eneo lile. Na mwisho wa kipindi hicho unafika mara baada ya uhuru wa Kenya na kumalizika kwa lile suala la Mwambao, yaani ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya bendera ya Sultani. Farouk Topan alichagua njia nyengine kabisa: aliandika juu ya nyimbo za pepo katika kilinge cha Mombasa. Ushahidi wake haukuwa katika mafaili. Ulikuwa katika vinywa vya waimbaji, na mipaka yake ilikuwa mji mmoja na kilinge kimoja.

Hawa watatu hawafanani kwa mada wala kwa njia. Wanachofanana ni kwamba kila mmoja angeweza kulijibu lile swali la Jumatatu asubuhi.

Kilichomo London

London ina nyaraka nyingi za kwetu, nyengine huzipati popote pengine. Anayeanza na azijue sehemu tatu kubwa.

Ya kwanza ni Nyaraka za Taifa za Uingereza zilizoko Kew, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya Kew Gardens. Mfululizo wa FO 84 ni wa idara ya Wizara ya Nje iliyoshughulikia biashara ya watumwa, na ndani yake mna barua nyingi za mabalozi wa Zanzibar. FO 54 ni mfululizo wa Muscat, na una mambo ya Zanzibar ya miaka ya mwanzo, wakati Sayyid Said alipokuwa mtawala wa pande zote mbili. Zanzibar ilipohamishwa kutoka Wizara ya Nje kwenda Wizara ya Makoloni mwaka 1913, barua zikaanza mfululizo mpya, CO 618. Mambo ya Afrika Mashariki kwa jumla yamo CO 822. Kadi ya msomaji haina malipo. Unahitaji kuthibitisha wewe ni nani na unaishi wapi. Ndani ya chumba cha kusomea huingii na kalamu ya wino, penseli tu, na unaruhusiwa kupiga picha kwa kamera au simu yako bila ya kulipa. Agiza mafaili kabla ya kwenda, usije ukapoteza nusu ya siku kwa kungoja.

Ya pili ni Maktaba ya Uingereza, iliyo karibu na stesheni ya King's Cross. Humo mna kumbukumbu za iliyokuwa Ofisi ya India. Wengi hushangaa: Zanzibar na India wapi na wapi? Jibu ni kwamba Kapteni Atkins Hamerton, balozi wa kwanza wa Kiingereza aliyekuja Unguja mwaka 1841, alikuwa pia wakala wa Kampuni ya Mashariki ya India, na uwakala wa Zanzibar uliendelea kwa miaka mingi kuwa chini ya serikali ya Bombay. Barua nyingi zilikwenda Bombay kabla ya kufika London. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za Ghuba, Muscat ikiwemo, imewekwa katika Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, na mtu yeyote anaweza kuisoma nyumbani kwake bila ya malipo. Katika maktaba hiyo ya London pia imo nakala ya Kitab al-Sulwa, ile taarikh ya Kilwa kwa Kiarabu, iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877 na kuletwa Uingereza na balozi John Kirk. Kwa historia ya Kilwa ya zamani, mtafiti huilinganisha nakala hiyo na habari alizochapisha Mreno João de Barros katika karne ya 16.

Ya tatu ni SOAS, karibu na Russell Square. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1916, na jina la Afrika likaongezwa mwaka 1938. Maktaba yake ina moja katika hazina kubwa za miswada ya Kiswahili kwa khati za Kiarabu: makaratasi ya W. E. Taylor, ya Alice Werner, ya William Hichens, na ya Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa aliyesomesha hapo miaka mingi. Sehemu ya mashairi ya Muyaka tuliyo nayo leo tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya na kumpa Taylor, na karatasi hizo zikaishia London. Katalogi mara nyingi hutaja jina la Mzungu aliyezileta. Mtafiti wa kwetu atakuwa amefanya kazi kubwa akitafuta majina ya walioandika, walionakili na walioeleza maana.

Usisahau maktaba ndogo. Maktaba ya Waquaker iliyomo Friends House, Euston Road, ina kumbukumbu za misheni yao ya Pemba iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19. Ni dakika chache kutoka SOAS, na wanafunzi wengi hupita mlangoni bila ya kujua.

Faili hujibu swali la aliyelifungua

Hapa pana mtego. Mwanafunzi akisoma FO 84 peke yake kwa miezi mitatu, ataondoka akiamini kwamba watu wa pwani hawakuwa na shughuli nyengine ila kununua na kuuza watumwa. Haina maana kwamba balozi alisema uongo. Mfululizo ule ulifunguliwa ili kukusanya habari za biashara ya watumwa, na balozi aliandika aliloulizwa. Ndoa, madrasa, ujenzi wa misikiti, bei ya nguo, ugomvi wa majirani: hayo hayakuwa na faili London.

Kwa hiyo kila unapofungua karatasi, uliza mambo matatu: nani aliandika, alimwandikia nani, na alitaka nini kutoka kwake. Kisha tafuta karatasi ya pili iliyoandikwa na mtu mwenye haja tofauti. Kwa Zanzibar ya katikati ya karne ya 19 hilo linawezekana, kwa sababu Wamarekani walikuwa na balozi wao tangu 1837 na wafanyabiashara wao wa Salem waliandika barua kila meli ilipoondoka, Wafaransa waliandika, na wenyeji wetu walisajili hati zao za deni na mauzo. Kazi za karibuni za Fahad Bishara (2017) na Thomas McDow (2018) zimeonesha utajiri uliomo katika hati hizo za Kiarabu zilizohifadhiwa Zanzibar: mtu wa kawaida anayeuza shamba kwa sharti la kulikomboa, yaani bei ya khiyari, au anayeahidi kulipa pembe baada ya safari. Humo wazee wetu wanasema wenyewe, bila ya balozi kuwasemea.

Mfano: kutoka "utumwa" mpaka mada

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hatua kwa hatua. Mwanafunzi anasema: "Nataka kuandika juu ya utumwa Zanzibar." Hilo ni pana mno. Tunamuuliza: wakati gani? Anasema: mwisho wake. Vizuri. Amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897. Lakini amri ile haikumwachia huru kila mtu siku ile. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na bwana alilipwa fidia. Masuria hawakuhesabiwa kama watumwa wengine. Wao waliwekwa kando mpaka amri ya 1909.

Sasa swali linaanza kuonekana lenyewe. Kwa nini wengine walikwenda kuomba na wengine wakabaki? Waliobaki walibaki kwa makubaliano gani juu ya nyumba na kikataa cha ardhi? Na suria mwenye watoto wa bwana alijiona nani? Tukiweka mipaka tunapata mada: "Kuomba uhuru Pemba, 1897 mpaka 1909." Ushahidi upo: ripoti za serikali zilizochapishwa kwa ajili ya Bunge la Uingereza na zinazopatikana katika maktaba kubwa za London, kumbukumbu za Waquaker pale Euston Road, na kwa anayeweza kusafiri, kumbukumbu za mahakama na mirathi zilizoko katika Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Pia kuna kazi ya mtangulizi ya kuisoma kwanza, kitabu cha Elisabeth McMahon cha 2013 juu ya Pemba, ili mwanafunzi asirudie kilichokwisha semwa, bali aongeze au apinge kwa hoja.

Lakini mfano huu nimeuchagua kwa sababu nyengine. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tumetoka katika familia zilizokuwa na mashamba. Mwanafunzi wetu akifungua kumbukumbu hizo anaweza kukutana na jina la babu wa babu yake katika orodha ya waliolipwa fidia. Anaweza pia kukutana na jina la bibi wa bibi yake, lisilo na nisba wala jina la baba. Afanye nini? Wapo watakaomwambia afunge faili, aibu ya nyumba haitolewi nje. Mimi namwambia asifunge. Faili hilo limekwisha somwa na wengine na litasomwa tena. Akilisoma mtu wa nyumba, akaandika kwa adabu na kwa ukweli, ataweza kueleza ambalo mgeni hataliona: kwamba mara nyingi majina yale mawili, la aliyelipwa na la asiye na nisba, yamo katika nasaba moja, ambayo ni yake yeye mwenyewe. Ila awaeleze wazee wake kabla ya kuchapisha. Wasije wakaisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza katika karatasi.

Karatasi za nyumbani

Katika masanduku yetu mna vitu ambavyo Kew haina: barua za kutoka Muscat na Dubai, hati za mashamba, nakala za wakfu, shajara za nasaba, daftari za duka, pasipoti za Zanzibar, picha zenye majina nyuma. Kwa wenye karatasi hizo nina maombi manne. Usizitoe katika mpangilio uliozikuta kabla ya kuupiga picha, kwani karatasi mbili zilizokunjwa pamoja huenda zinahusiana. Usizitie plastiki ya kubandika kwa moto wala gundi ya utepe. Andika kwa penseli, katika karatasi ya pembeni, nani aliyekupa na lini. Na usimpe mwanafunzi asili. Mpe picha, asili ibaki kwako au katika taasisi itakayoihifadhi kwa maandishi ya makubaliano.

Kwa mwanafunzi, kuna elimu mbili asizoweza kuzikwepa. Ya kwanza ni khati. Kiswahili cha zamani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu zisizotosha sauti zote. Be moja iliweza kusomwa b, p au mb, kwa hiyo neno lile lile laweza kuwa bata, pata au mbata, na maana ya jumla ndiyo inayoamua. Irabu e na i hazikutenganishwa, wala o na u. Kijana aliyesoma Kiarabu cha chuoni peke yake atakwama hapa, na Bibi aliyesoma chuo cha Qurani Unguja miaka ya 1940 atamfungulia njia kwa nusu saa. Hilo ni somo ambalo vyuo vichache vinaweza kulitoa, na muda wa kulipata unakwisha.

Ya pili ni tarehe. Hati ikiandikwa "1273" bila ya mwezi, usikimbilie kuandika 1856. Mwaka 1273 wa Hijria ulianza Septemba 1856 na ukamalizika Agosti 1857. Sayyid Said alifariki tarehe 19 Oktoba 1856, katika mwezi wa Safar wa mwaka huo. Hati ya Safar na hati ya Rajab za mwaka mmoja wa Hijria zaweza kuwa za miaka miwili ya Kizungu, na hoja nzima juu ya mirathi yaweza kuporomoka kwa kosa hilo moja.

Wazee na mwaka 1964

Vijana wengi hutaka kuandika juu ya Mapinduzi, na haishangazi, kwani ndiyo yaliyowaleta wazazi wao Ulaya. Sultani wa mwisho, Sayyid Jamshid bin Abdulla, naye aliishi Portsmouth kwa zaidi ya miaka 50, akahamia Oman mwaka 2020, na akafariki huko Desemba 2024. Wote wanaokumbuka wanaondoka.

Lakini hii ndiyo mada ngumu kuliko zote, kwa sababu kila nyumba ina jibu lake tayari. Ushauri wangu ni kuliepuka swali la "nani alikuwa na haki" na kuuliza swali ambalo mzee anaweza kulijibu kwa aliyoyaona mwenyewe. Mlitoka Unguja kwa njia gani? Mlipofika Uingereza mlipokelewa na nani, mkalala wapi, mkapata kazi gani? Nani aliandika barua kwa nani? Swali la namna hii halikimbii siasa. Siasa itajitokeza yenyewe, lakini ikiwa na watu na nyumba ndani yake. Na lazima mwanafunzi asome vitabu vinavyopingana: Jonathon Glassman juu ya maneno na chuki za miaka ya kabla ya Mapinduzi, Harith Ghassany katika *Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!*, na kumbukumbu za Ali Sultan Issa na Seif Sharif Hamad zilizoandikwa pamoja na Thomas Burgess. Asiyeweza kueleza hoja ya mpinzani wake kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe ataikubali, hajawa tayari kuandika.

Kumbukumbu ya mzee nayo hupimwa kama karatasi. Mzee akisema "ilikuwa siku chache kabla ya Ramadhani", hilo linathibitika: Ramadhani ya 1383 iliingia katikati ya Januari 1964. Akisema jambo lisilothibitika, usimbishie wala usilifute. Andika kwamba ndivyo anavyokumbuka, na ujiulize kwa nini.

Kabla ya kurekodi, chuo kitataka idhini ya kamati ya maadili na fomu ya ridhaa ya mzungumzaji. Wazee wengine huiogopa karatasi hiyo. Wamewahi kutia saini karatasi zilizowadhuru. Mweleze mzee kwa Kiswahili kwamba fomu inamlinda yeye. Kwa sheria ya Uingereza, haki ya maneno yaliyorekodiwa ni ya msemaji mpaka aitoe kwa maandishi. Anaweza kuomba jina lake lifichwe, anaweza kukataa swali, na anaweza kusema sehemu fulani isitumike. Kama bado ana ndugu kule, huenda akawa na sababu ambazo hatazitaja, nawe usimlazimishe.

Kalenda ya kazi

Tasnifu ya uzamili Uingereza kwa kawaida ni maneno baina ya 10,000 na 15,000, na huwasilishwa Septemba. Mpango wenye afya huwa hivi:

Oktoba mpaka Disemba: soma vitabu, andika orodha ya maswali matano, yatupe manne.

Januari na Februari: nenda Kew na SOAS siku mbili tatu za majaribio. Hakikisha karatasi zipo, zinasomeka, na zinazungumzia swali lako. Hapo ndipo mada nyingi hubadilika, na ni vyema zibadilike sasa kuliko Julai.

Machi: pendekezo la utafiti, kurasa chache tu: swali, mipaka, ushahidi, walioandika kabla yako, na idhini ya maadili.

Aprili na Mei: mahojiano, kwani wazee husafiri wakati wa joto kwenda Oman, Dubai au Unguja.

Juni: kukusanya kwa mara ya mwisho. Weka tarehe ya kufunga daftari na uiheshimu.

Julai na Agosti: kuandika. Sura ya kwanza ndiyo ya mwisho kuandikwa.

Uzamivu ni safari ya miaka mitatu au minne, maneno yasiyozidi 100,000 katika SOAS, na huko ndiko kuna nafasi ya Zanzibar, ambako utahitaji kibali cha utafiti, na ya nyaraka za Muscat. Anayetaka kuyaingiza yote hayo katika kiangazi kimoja na akumbuke kwamba mtaka yote hukosa yote.

Kurudisha

Mwisho, tasnifu ikimalizika, nakala moja ipelekwe kwa kila mzee aliyezungumza, pamoja na rekodi yake mwenyewe. Kama hawezi kusoma Kiingereza, mwanafunzi akae naye Jumapili nyengine amsomee kwa Kiswahili. Pengine mzee atasema: "Hapa umekosea." Iandike hiyo pia. Aghalabu ndiyo inayokuwa mada ya mwanafunzi wa mwaka ujao.